Kifaa cha kuchunga unyevu ndani ya depo: somo kutoka sanduku la sigare



Kila msimu, katika mikutano yetu, kuna swali moja ambalo halikosi kurudi: "Agronome, kahawa tuliiingiza depo ikiwa kavu. Mbona inatoka ikinuka?" Wengine wanauliza hivyo juu ya mihindi, wengine juu ya maharagi. Mara nyingi tunajibu haraka haraka: hamkukausha vizuri. Jibu hilo ni la kweli mara nyingi, lakini si mara zote. Kuna mavuno yanayokauka sawasawa juu ya vitanda, yanapimwa, yanakubaliwa, kisha yanaharibikia ndani ya depo, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa magazinia.

Makala hii inaeleza ginsi unyevu wa hewa unavyofanya kazi ndani ya depo, na ginsi kifaa kidogo cha elektroniki kinavyoweza kuuchunga. Nitawaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe na kifaa cha kwanza tulichotengeneza. Kosa hilo liligharimu watu, na sipendi koperative nyingine ilirudie.

Wazo halikutoka kwetu wakulima wa kahawa. Lilitoka kwa watu wanaotunza sigare, ile sigara nene inayoviringishwa kwa majani mazima ya tumbaku, kama wanavyofanya Cuba. Hatuko hapa kuhimiza mtu avute. Tunataka kuona tu ginsi watu hao wanavyotunza jani kavu miaka mingi bila kuoza na bila kuvunjika.

Sanduku la sigare linafanyaje?

Sigare ni jani, na jani linakunywa na kutoa maji kufuatana na hewa inayolizunguka. Hewa ikiwa kavu sana, ganda la sigare linapasuka na harufu yake inapotea. Ikiwa na maji mengi, ukungu unaota. Kwa hiyo wenye sigare wanatafuta hewa ya katikati: unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na joto la digrii 18 hadi 21. Joto likipita digrii 24 au 25, kuna hatari nyingine: mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa, na mdudu huyo anatoboa sigare kama vile fukuzi anavyotoboa maharagi. Mdudu huyo hali tumbaku peke yake. Anaingia pia katika nafaka na viungo vilivyowekwa akiba.

Sanduku lenyewe kwa kawaida linafunikwa ndani kwa mbao za mti unaoitwa Cedrela odorata, mti wa Amerika ya joto ulio wa jamaa moja na sapelli yetu. Mbao hizo zinakunywa maji hewa inapokuwa na mengi, na kuyarudisha polepole hewa inapokauka. Mbao ni mchungaji wa kwanza wa unyevu.

Mchungaji wa pili alibadilika pamoja na wakati. Kwanza waliweka sifongo yenye maji. Sifongo inatoa maji tu, haijui kusimama, na hapo ukungu uliota. Kisha wakachanganya maji na propilini glikoli, dawa inayozuia hewa isipite kiasi. Baadaye ikaja mifuko midogo yenye maji ya chumvi yaliyoshiba. Chumvi iliyoshiba ina tabia ya ajabu: ndani ya chombo kilichofungwa, inashika unyevu wa hewa kwenye namba moja. Hewa ikiwa kavu, inatoa maji. Hewa ikizidi, inameza. Kila aina ya chumvi ina namba yake. Chumvi yetu ya jikoni namba yake ni asilimia 75. Shikeni hiyo namba, tutairudia.

Mchungaji wa mwisho ni kifaa cha elektroniki: kipimo kidogo kinasoma unyevu na joto, ubongo mdogo unalinganisha namba na ile inayotakiwa, na ventilateri ndogo inapuliza hewa juu ya chombo cha maji mpaka namba ifike. Ikifika, ventilateri inasimama. Kazi yake ni hiyo tu: kupima, kulinganisha, kufanya, kusimama, kupima tena.

Sisi tunataka nini?

Sisi tuko kinyume kidogo. Mwenye sigare anaogopa ukavu na maji. Sisi katika mlima ya Kivu, mavuno makubwa ya kahawa yanaangukia katika mvua ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, kwa hiyo tunaogopa zaidi maji. Yeye anaongeza maji kwenye hewa. Sisi tunatafuta kuyatoa. Lakini namba zetu haziko mbali na zake.

Kahawa parche iliyokauka mpaka asilimia 11 au 12 ya maji inapatana na hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hadi 65. Yaani, ukiiweka katika hewa hiyo, haimezi wala haitoi. Hewa ikipanda asilimia 80 na ikae hapo siku nyingi, kahawa inaanza kumeza, inapita 12, inapita 13, na rangi yake inaanza kupauka. Mihindi mikavu ya asilimia 13 inapatana na hewa ya asilimia 65 hivi. Ukungu mwingi wa depo hauwezi kuota hewa inayozunguka mbegu ikiwa chini ya asilimia 65. Juu ya 70 unaanza kupata nafasi. Juu ya 80 unafanya karamu.

Na ukungu si harufu tu. Katika mihindi na karanga kuna ukungu unaoacha sumu inayoitwa aflatoksini. Kupika ugali hakuondoi sumu hiyo, na inaharibu ini polepole. Katika kahawa kuna sumu nyingine, okratoksini, ambayo wanunuzi wa nje wanaipima. Kwa hiyo kuchunga unyevu ni kuchunga bei, na ni kuchunga pia watoto wanaokula kutoka gunia lile lile.

Asilimia ya unyevu maana yake nini?

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, basi tuende polepole.

Hewa ni kama ndoo. Hewa ya joto ni ndoo kubwa, hewa ya baridi ni ndoo ndogo. Asilimia ya unyevu haisemi kuna maji kiasi gani ndani ya ndoo. Inasema tu ndoo imejaa kiasi gani. Nusu ya ndoo kubwa inaweza kuwa na maji mengi kuliko ndoo ndogo iliyojaa.

Hii ndiyo kipimo cha ndoo. Metre moja ya kibiki ya hewa inaweza kubeba maji yafuatayo, kisha inajaa:

Digrii 15: gramu 12,8
Digrii 16: gramu 13,6
Digrii 18: gramu 15,4
Digrii 20: gramu 17,3
Digrii 22: gramu 19,4
Digrii 25: gramu 23,0
Digrii 27: gramu 25,8

Ndoo ikijaa na hewa ikaendelea kupoa, maji yanamwagika. Yanatoka juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote, na ndani ya depo zetu kitu hicho ni mabati ya juu usiku. Asubuhi mnaona matone. Wengine wanafikiri bati limetoboka. Bati halikutoboka, linatoka jasho.

Kifaa chetu cha kwanza

Tulikitengeneza na kijana mmoja anayerekebisha telefoni sokoni, mtu wa mikono mizuri na subira nyingi. Kilikuwa na sehemu hizi:

Vipimo viwili vidogo vya unyevu na joto, kimoja ndani ya depo na kimoja nje kwenye kivuli. Ubongo, yaani kadi ndogo ya elektroniki unayoandikia programu. Kadi za namna hii zinajulikana sana tangu Arduino ilipoanza Italia mwaka 2005, na leo ziko nyingi, za bei ndogo. Rele, yaani swichi ambayo ubongo unaweza kuifungua na kuifunga. Ventilateri ya volti 12 iliyofungwa ukutani, na dirisha dogo lenye wavu upande wa pili ili hewa ipate pa kutokea. Batri moja na paneli ya sola. Na kadi ndogo ya kuandika namba kila dakika kumi, usiku na mchana.

Programu niliiandika mimi. Nilifikiri sawa na watu wote: kama hewa ya nje ina asilimia ndogo kuliko hewa ya ndani, basi nje ni pakavu, ventilateri iingize hewa. Kama nje asilimia ni kubwa, ifunge. Nani angepinga? Tulipokifunga, wanamemba walipiga makofi. Ventilateri iliwaka saa sita ya mchana, jua kali, nje kipimo kilionyesha 60, ndani 70. Niliona nimemaliza kazi. Nikarudi mjini.

Baada ya wiki tatu mama magazinia akanipigia simu. Maneno yake nayakumbuka vizuri.

"Agronome, ile kintu yako inatudanganya."

"Mama, imekufa?"

"Haikufe. Inapiga kazi kila siku muchana. Lakini mabati inatoka jasho kuliko mbele, na kahawa ya juu iko inanuka sawa nguo yenye haikukauka. Mbele ya kuleta hii mashini haikukuwa vile."

Nilimjibu vibaya kidogo, naomba radhi yake hata leo. Nilimwambia pengine kahawa iliingia ikiwa na maji. Akaniambia: "Tulipima wote, na wewe ulikuwa pale. Kuja uone."

Nilienda. Tulipima magunia ya juu: yalikuwa yamepita 13. Ya katikati yalikuwa bado 12. Kahawa iliingia kavu. Mashine yangu ndiyo iliyoinywesha.

Hesabu iliyonionyesha kosa

Tulikaa na kijana wa elektroniki, tukasoma namba zilizoandikwa kwenye kadi. Nitawapa mfano unaofanana na zile namba.

Ndani ya depo kuna digrii 22 na unyevu wa asilimia 70. Ndoo ya digrii 22 inabeba gramu 19,4. Asilimia 70 yake ni gramu 13,6 hivi. Hayo ndiyo maji ya kweli yaliyomo katika kila metre ya kibiki ndani.

Saa saba ya mchana, nje kuna digrii 27 na asilimia 60. Ndoo ya digrii 27 inabeba 25,8. Asilimia 60 yake ni gramu 15,5. Mmeona? Kipimo kinasema 60, unafikiri nje ni pakavu. Lakini ndani ya hewa ile kuna maji mengi kuliko ndani ya depo. Ventilateri inaiingiza. Ikifika kati ya magunia inapoa mpaka digrii 22, ndoo inakuwa ndogo, na zile gramu 15,5 sasa zinajaza asilimia 80. Umeingiza mvua kwa mkono wako.

Usiku unakuja. Hewa ya mwanzo yenye gramu 13,6 ingengoja bati lipoe mpaka digrii 16 ndipo itoe jasho. Hewa mpya yenye 15,5 inatoa jasho tangu digrii 18. Kwa hiyo bati linaanza kulia mapema zaidi na linalia mpaka asubuhi, na matone yanaanguka juu ya magunia ya juu. Mama magazinia alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa tazameni alfajiri. Nje kuna digrii 15 na kipimo kinaonyesha 95. Mtu akiona 95 anakimbia kufunga mlango. Lakini ndoo ya digrii 15 inabeba 12,8 tu. Asilimia 95 yake ni gramu 12,2. Hiyo ni chini ya gramu 13,6 za ndani. Ukiiingiza na ikapata joto la depo la digrii 22, inakuwa na unyevu wa asilimia 63. Kumbe hewa ya alfajiri, ile tuliyoiogopa, ndiyo ilikuwa inaweza kutusaidia, na hewa ya mchana tuliyoisifu ndiyo ilituharibia.

Nilipomweleza mama magazinia, hakushangaa. Alisema bibi yake alikuwa anafungua ghala la maharagi kabla ya jua, na anafunga jua likipanda. Hakujua hesabu ya ndoo, lakini mkono wake ulijua.

Programu mpya

Tulibadilisha maneno machache tu. Kifaa hakilinganishi tena asilimia na asilimia. Kinageuza kila kipimo kuwa gramu za maji, ndani na nje, kisha kinafuata sheria hizi:

Moja. Ventilateri iwake tu kama unyevu wa ndani umepita asilimia 65 na hewa ya nje ina angalau gramu moja pungufu kuliko ya ndani.

Mbili. Ikiwaka, iendelee mpaka ndani pafike 62, au mpaka hewa ya nje ipoteze ile faida. Hatukusema iwake 65 na izime 65, kwa sababu ingekuwa inawaka na kuzima kila dakika, na rele ingekufa mapema. Ile nafasi kati ya 65 na 62 inaipa mashine pumzi.

Tatu. Mvua ikinyesha au ukungu wa mlima ukishuka, ventilateri isiwake hata kama hesabu inaruhusu. Ukungu ule una matone ya maji yanayoelea, na kipimo hakiyahesabu. Kwa hiyo tuliweka swichi kubwa karibu na mlango, na magazinia ana haki ya kuzima. Mtu ndiye mkubwa wa mashine.

Nne. Ndani pakipita asilimia 75 muda wa saa sita mfululizo, taa nyekundu iwake nje ya mlango. Kifaa kinachoharibika kimya ni hatari kuliko kukosa kifaa.

Mahali pa kuweka kipimo ni jambo kubwa. Kipimo cha ndani kikae katikati ya depo, kwa kimo cha magunia ya kati, mbali na mlango, ukuta na bati. Kile cha nje kikae kivulini, chini ya kifuniko, hewa ikipita na mvua isifike. Kikipigwa na jua kitakudanganya mchana kutwa.

Jaribu kipimo kwa chumvi

Kipimo kipya kinaweza kukosea kwa alama mbili au tano. Baada ya msimu katika vumbi la depo, kinaweza kukosea zaidi. Kipimo kinachosoma 63 wakati ukweli ni 70 kitalala usingizi huku kahawa yako inaota ukungu. Hapa ndipo chumvi ya jikoni inakuja.

Chukua kifuniko cha chupa, ukijaze chumvi. Ongeza matone machache ya maji safi mpaka chumvi iwe kama uji mzito. Isiyeyuke yote: lazima punje za chumvi zionekane. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri au mfuko usiopitisha hewa. Kipimo kisiguse chumvi. Funga, weka mahali ambapo joto halibadiliki sana, ngoja siku nzima. Ukirudi, bila kufungua, kipimo kinatakiwa kusoma 75.

Kikisoma 71, kinakosea kwa 4 chini: andika hiyo 4 kwenye karatasi, ubandike juu yake, na uongeze 4 kila unaposoma. Kikisoma 60 au 90, kitupe. Wenye sigare wanafanya jaribio hili hili, na halidai zaidi ya kijiko cha chumvi. Tufanye mara mbili kwa mwaka, kabla ya mavuno na baada ya mavuno.

Kifaa hakiwezi kufanya nini?

Nasema wazi ili mtu asinunue ndoto. Kifaa hiki hakikaushi kahawa.

Fanyeni hesabu nami. Tani moja ya kahawa yenye asilimia 14 ina maji ya kilo 140. Ili ifike 12, lazima itoe karibu kilo 23 za maji, yaani litre 23. Tani kumi, litre 230 hivi. Kama kila metre ya kibiki ya hewa inayopita inabeba gramu mbili tu, tani moja inahitaji hewa zaidi ya metre za kibiki 11 000. Ventilateri ndogo ya volti 12 haiwezi kazi hiyo kabla ukungu haujafika.

Na tena: hewa yote ya depo ya metre 5 kwa 6, yenye kimo cha metre 3, haina hata litre moja na nusu ya maji ndani yake. Magunia yana mamia ya litre. Ndiyo maana ndani ya depo iliyojaa, magunia ndiyo yanayoamuru hewa. Ukiingiza gunia kumi mbichi kati ya gunia mia kavu, zile kumi zitawagawia majirani maji yao. Kipimo cha mlangoni, wakati wa kupokea, kina thamani kuliko mashine zote za ndani. Mtu asiseme: "Acha iingie tu, ventilateri itamaliza."

Kifaa pia hakizuii bati kuvuja, sakafu kupandisha maji, wala panya. Panya walikata waya zetu mara mbili. Sasa waya zinapita ndani ya bomba la plastiki.

Kama koperative haina kifaa

Koperative nyingi hazitakuwa na kifaa mwaka huu, na si mwisho wa dunia. Mambo haya yanaweza kuanza kesho:

Nunueni higrometa moja ya kawaida, mujaribu kwa chumvi, muitundike katikati ya depo. Magazinia aandike kwenye daftari mara tatu kwa siku: alfajiri, mchana, jioni. Aandike joto na unyevu. Baada ya msimu mmoja mtajua depo yenu inafanyaje, na mtajua kama kifaa kinastahili makuta yenu. Daftari kwanza, kifaa baadaye.

Fungueni depo alfajiri yenye anga safi, mufunge jua likipanda. Msifungue wakati wa mvua wala wa ukungu. Mchana wa joto baada ya mvua ndio wakati mbaya kuliko zote.

Inueni magunia juu ya mbao, sentimetre 10 hadi 15 kutoka sakafu. Yaache nafasi ya nusu metre kutoka ukuta, na nafasi kubwa zaidi chini ya bati. Kama mnaweza, wekeni dari ya mikeka au ya mbao chini ya bati, ili jasho lisiangukie kahawa. Hapo mnafanya kazi ile ile ya mbao za sanduku la sigare.

Kwa mihindi na maharagi, kabla ya kupokea, tumieni chupa na chumvi kavu. Chupa iwe kavu, ya kuonekana ndani. Tia mbegu mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mbegu zimepita asilimia 15: zirudi juani. Isiposhika, ziko chini ya 15. Kwa kuziweka muda mrefu, endeleeni kukausha kidogo mpaka 13.

Kwa akiba ya nyumbani, mifuko ya kufunga hewa kama PICS inasaidia sana, lakini kwa mbegu kavu tu. Mbegu mbichi ndani ya mfuko uliofungwa ni uozo uliofungwa.

Maswali ya kuweka mbele ya mkutano mkuu

Kabla ya kupiga kura ya kununua au kutengeneza kifaa, ulizeni: Nani atakisoma kila siku, na asipokuwepo ni nani? Nani atabadilisha batri, na makuta yatatoka mfuko gani? Kipimo kikifa katikati ya mavuno, tuna kingine? Na magazinia anapoona kitu ambacho mashine haioni, tutamsikiliza?

Swali hilo la mwisho ndilo nililikosa mimi. Ile kahawa ya magunia ya juu ilirudishwa juani, lakini harufu haikuisha. Mununuzi aliichukua kwa bei ya chini. Nilisimama mbele ya wanamemba nikaeleza kwamba kosa halikuwa la magazinia wala la waliokausha, lilikuwa la programu yangu. Baba mmoja aliuliza: "Sasa minerval ya mtoto wangu, hiyo programu italipa?" Sikuwa na jibu. Kamati ilikubali kugawa hasara kwa wote ili isianguke juu ya wale ambao magunia yao yalikuwa juu, na hiyo ilikuwa haki.

Msimu uliofuata kifaa kiliwaka alfajiri, mara nyingi kati ya saa kumi na saa moja ya asubuhi, na mchana kilinyamaza. Mwanzoni watu walifikiri kimekufa, kwa sababu hawakukisikia tena. Mama magazinia ndiye aliyekuwa anawaeleza wageni hesabu ya ndoo kubwa na ndoo ndogo, na anaieleza vizuri kuliko mimi. Bati bado linatoka jasho usiku wa baridi sana, lakini kidogo, na mikeka inalipokea. Magunia ya juu tuliyapima mara ya mwisho kabla ya lori kufika: 12, sawa na ya katikati.

Kama koperative yenu inataka kujaribu, anzeni na daftari, kisha mutuletee namba zenu. Tutazisoma pamoja.